Nyumba ya Muna Yapimwa Moshi

Muna Roba wa Minjila hakuwahi kujengewa nyumba na mwanamume, na ungemwambia kwamba wako wanawake duniani wanaojengewa, angekuuliza wana ugonjwa gani. Kwa Waorma nyumba ni ya mwanamke. Ndiye anayekata fito, ndiye anayezipinda na kuzifunga, ndiye anayesuka mikeka ya nyasi ya kuifunika, na siku ya kuhama ndiye anayeifungua na kuipakia juu ya punda. Mume akigombana na mkewe, anayetafuta pa kulala ni mume. Muna alikuwa amejenga nyumba kumi na saba tangu aolewe. Ya kumi na sita ilichukuliwa na mafuriko ya El Nino ikiwa nzima, yeye akiitazama kutoka barabarani na kuku wawili mkononi. Ukimuuliza habari za siku ile hakulalamika. Alikwambia tu kwamba ilielea vizuri na hakuna fito hata moja iliyoachia.

Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mwembamba, mwenye ulimi. Kazi yake ilikuwa maziwa. Jua likichomoza yuko njiani kwenda Garsen na vibuyu vyake, na pale Garsen palikuwa na wauza chai ambao hawakubandika sufuria mpaka wamwone. Maziwa ya wengine yapo, lakini ya Muna yalikuwa na harufu. Siri yake haikuwa siri, kila mama wa Kiorma anaijua, ila mkono wa Muna ulikuwa mwepesi zaidi. Kibuyu kikishaoshwa hutiwa vijinga vya moto vya mti mkavu, hufunikwa, hutikiswa, mpaka moshi uingie kila pembe ya ndani. Hiyo ndiyo kufukiza. Moshi ule huyatunza maziwa yasiharibike upesi na ndio unaoyapa ladha. Maziwa yasiyofukizwa, kwa Muna, yalikuwa maji meupe.

Alifukizia ndani, mlango umefungwa. Moto wa kupikia nao ulikuwa ndani, katikati, kwenye mafiga matatu, na ikifika magharibi huongezewa samadi kavu ili mbu wakome. Kwa hiyo nyumba ya Muna ilikuwa nyeusi na yenye kung'aa kwa ndani kama tako la sufuria, na yeye aliipenda hivyo. Mgeni akiingia akaanza kukohoa, Muna humwambia ainame, hewa iko chini.

Aliyemfanya autilie shaka moshi ni mjukuu wake Issack, mtoto wa binti yake Sadia. Sadia alikuwa ameolewa palepale Minjila, mwendo wa kumaliza kikombe cha chai ukitembea. Issack alikuwa na mwaka na nusu na kifua kibovu. Akikohoa, mbavu zinaingia ndani, na macho yanamtazama mtu kama anayeuliza kosa lake ni lipi. Mara mbili alipelekwa zahanati, na mara zote mbili daktari aliuliza swali moja, mnapikia wapi? Sadia alijibu ndani, daktari akatikisa kichwa, akaandika dawa. Apikie wapi tena? Nje kuna upepo, mbuzi na mvua.

Muna aliogopa, na hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Yeye mwenyewe alizika watoto wawili waliokuwa na kifua cha namna ile ile. Siku zile aliambiwa ni kudra, akakubali, akaendelea kukamua. Sasa alianza kujiuliza, na swali lilikuwa linamuuma.

Ndipo mwaka wa tisini na tisa, baada ya mvua ndefu, akaja Mwanaarusi. Alikuwa mwanamke wa Kipini, bado kijana, mwenye Kiswahili cha kwao kinachoteleza kama mafuta, na alitumwa na mradi wa serikali wa kupunguza moshi majumbani. Boru, mzee wa kijiji, aliita mkutano. Mwanaarusi alieleza kwamba serikali imetenga ruzuku. Minjila itapata kwanza nyumba kumi, kila moja ijengewe jiko la udongo na saruji lenye bomba la kutoa moshi nje, itobolewe dirisha, na ipewe chandarua kilichotiwa dawa ili watu wasiulilie moshi kwa ajili ya mbu. Nyumba moja itapimwa kabla na baada. Moshi ukionekana umepungua zaidi ya nusu, ruzuku itatolewa kwa nyumba nyingine ishirini. Usipopungua, mradi utafunga daftari na kwenda kujaribu kwingine.

Boru, ambaye alipenda kuandika kuliko kusoma, alikwisha kuandaa orodha yake. Aliandika majina ya waume, kana kwamba waume wamewahi kupinda hata ufito mmoja. Mume wa Sadia alikuwa malishoni na ng'ombe, kwa hiyo hakuonekana, kwa hiyo hakuandikwa. Muna alikuwa mwanamke pekee katika kumi za kwanza, kwa sababu alikuwa mjane na Boru hakupata mume wa kumwandika.

"Mtoto iko kifua mbaya iko nyumba gani?" Muna alimuuliza mbele ya watu wote, kwa Kiswahili ili mgeni naye asikie. "Wewe naandika ng'ombe ama naandika watoto?"

Watu walicheka, Boru akasema kumi zimejaa, wino umeshakauka. Alichoweza ni kumweka Sadia wa kwanza katika zile ishirini. Kwa hiyo tangu siku ile kila mtu alijua, na Muna alijua zaidi, kwamba jiko la Issack linategemea kipimo cha nyumba moja. Na nyumba iliyochaguliwa kupimwa ilikuwa ya Muna, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa nyeusi kupita zote.

Chombo chenyewe kilikuwa kisanduku kidogo chenye pampu. Kilitundikwa ndani kwa siku nzima, kikivuta hewa na kuipitisha kwenye karatasi nyeupe ya mviringo. Mara ya kwanza karatasi ilitoka nyeusi tititi. Mwanaarusi aliishika kwa ncha za vidole.

"Lo, mama! Hii ndiyo muivutayo kifuani kila siku."

Muna aliichukua karatasi ile, akaenda nayo mlangoni penye mwanga, akaigeuza pande zote mbili.

Fundi wa Kipokomo alikuja akajenga jiko, bomba likatoka juu ya mikeka, dirisha likatobolewa ubavuni. Wiki ya kwanza Muna alilalamika kwamba nyumba inanuka kama ya mtu asiye na ng'ombe. Wiki ya pili aligundua kwamba macho yake hayamwashi. Vibuyu alianza kufukizia nje, nyuma ya zizi, kwenye kibanda alichokijenga kwa nusu siku. Sadia alikuwa akimleta Issack mchana alale kwa bibi yake, na mtoto alilala. Alilala kinywa kimefungwa, jiko likiwaka hatua tatu kutoka kichwani pake. Jioni mama yake alimchukua, na usiku kwao alikohoa. Muna hakuhitaji karatasi ya mtu kumwambia jiko linafanya kazi. Alihitaji karatasi iwaambie wengine.

Kipimo cha pili kilikuja mwezi wa nane, siku ya Jumapili. Mwanaarusi alitundika kisanduku, akamwambia Muna apike na kukaa kama kawaida yake, kesho atarudi kukichukua, kisha akaenda kulala Garsen. Na hapa ndipo mama wa watu alipoharibu.

Mwone alivyowaza. Kitu cha serikali kinalala kwangu. Kesho bibi wa serikali anakuja, na safari hii anakuja kutoa uamuzi juu ya mjukuu wangu. Nitampa nini? Maziwa. Maziwa ya namna gani? Ya mgeni. Na kibuyu cha mgeni, tangu enzi za bibi yake Muna, hufukizwa ndani ya nyumba na mama mwenye nyumba, mlango umefungwa. Kukifukizia nyuma ya zizi ni sawa na kumlaza mgeni nje. Basi alichagua vibuyu vitatu vizuri, akavifukiza palepale chini ya kisanduku, taratibu, kwa adabu. Alipomaliza aliona haitoshi, akatia ubani kwenye chetezo. Kisha akaona moshi wa ubani unatorokea dirishani, ni hasara, akaziba dirisha kwa mkeka. Alilala ameridhika kama mtu aliyemaliza kuandaa arusi.

Asubuhi Mwanaarusi alitoa karatasi. Uso ulimshuka. Ilikuwa nyeusi kuliko ile ya kwanza.

Muna hakuiona karatasi, alikuwa anammiminia maziwa. Mwanaarusi alikaa, akayapokea maana hangeweza kukataa, akapiga funda moja, akasimamisha kikombe hewani.

"Maziwa mazuri haya, mama. Vibuyu wavifukizia wapi?"

"Siku ya mimi, nje, pale nyuma. Hii ya wewe, ndani."

"Ndani? Jana? Na chombo kipo?"

"Sasa mgeni nafukiziwa nje?" Muna alishangaa kweli. "Kwetu hapana."

Mwanaarusi alimwonyesha karatasi. Alimweleza pole pole, bila kumkaripia, kwamba nyumba iliyochaguliwa hupimwa mara moja tu baada ya jiko kujengwa, na fomu hujazwa palepale kwa wino. Aliona vibaya yeye mwenyewe. Alisema angependa kupima tena lakini kanuni haimruhusu, na akianza kurudia vipimo visivyompendeza, wakubwa wake hawataamini hata kimoja.

Muna alishikwa na aibu. Hakuingia ndani kujificha. Alikwenda moja kwa moja kwa Sadia, akamkuta amempakata Issack, akamwambia yote kwa lugha yao, hakupunguza wala kupamba.

"Ni mimi, mwanangu. Nimeifukizia serikali vibuyu."

Sadia alikuwa na haki ya kupiga kelele, na hakupiga. Aliendelea kumsugua mtoto mgongoni. "Ayyo," alimwita, yaani mama, "ulitaka kumheshimu." Maneno yale yalimuuma Muna kuliko tusi. Alirudi kwake akiwa amekaza mdomo.

Alimkuta Boru amefika, amebeba kalamu, anashauri iandikwe barua ya malalamiko, kamati ikae, nakala ipelekwe wilayani Hola. Mwanaarusi alikuwa ameinamia fomu kama anayetafuta sindano. Muna alijiketisha mbele yake.

"Binti yangu, hiyo karatasi nasema nini kama nyumba navunjika?"

"Navunjika vipi?"

"Kama mto nachukua. Kama mtu nahama."

Mwanaarusi alifungua ukurasa wa nyuma, akasoma kwa kidole. Aliyeandika fomu ile alikuwa na mafuriko akilini, akataja kwamba nyumba ikibomoka au ikibomolewa, ikijengwa upya itahesabiwa nyumba mpya, itapewa nambari mpya na kupimwa upya. Mwanaarusi aliinua kichwa. Muna alikuwa ameshatoka nje, yuko juu ya pipa, anafungua kamba ya mkeka wa kwanza.

"Mama Muna!" Boru alipaaza sauti. "Huwezi kubomoa mali ya mradi! Lazima kamati ikae kwanza!"

"Jiko ni ya mradi. Kaa na jiko," Muna alimjibu bila kugeuka. "Nyumba ni yangu. Mimi najenga, mimi navunja. Wewe siku gani nilikuuliza?"

Boru alitazama huku na huku akitafuta mwanamume wa kumuunga mkono, na wanaume waliokuwapo walianza kupendezwa na mbuzi. Wanawake ndio waliokuja. Hawakuitwa. Mwanamke wa Kiorma akiona mikeka inashuka juu ya nyumba ya mwenzake haulizi sababu, anakunja leso na kushika upande wa pili. Sadia alikuja na Issack mgongoni.

Gari la ofisi lilikuwa linashuka Kipini na lingerudi Alhamisi. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Mwanaarusi alisema atabaki Garsen, lakini alitaka mambo yawe wazi.

"Mama, nyumba iwe mpya kweli. Si kuvua mikeka na kuirudisha. Mimi siandiki uongo."

"Mimi sikujua kujenga uongo," Muna alisema.

Na kweli ilikuwa mpya. Kesho yake alfajiri walikata fito mbichi upande wa mtoni, na mchana kutwa walizipinda na kuzifunga. Jiko lilibaki pale lilipojengwa, lakini nyumba aliizungusha. Kwa muda wote ule kulikuwa na jambo lililomkera Muna ambalo hakulisema kwa kumheshimu fundi. Fundi alikuwa mjuzi wa saruji, ila nyumba za aina hii hakuzijua, na dirisha alilitoboa upande upepo unakotoka mchana, moshi ukawa unarudishwa ndani kabla ya kulifikia bomba. Safari hii mlango aliuelekeza kusini, dirisha akaliacha mgongoni pa upepo, juu kidogo, na bomba likapita mahali mikeka inapokutana. Mwanaarusi alikuwa akizunguka na daftari akiuliza kwa nini hivi, kwa nini vile, na kila alilojibiwa aliliandika. Nyumba ya kumi na nane ilisimama jua likiwa bado linaonekana, na Muna alicheka peke yake alipoingia ndani, kwa kuwa ilikuwa nyumba nzuri na alijua.

Kisanduku kilitundikwa Jumatano asubuhi. Boru, ambaye sasa alikuwa upande wao, alikuja na ushauri. Alinong'ona, ingawa Mwanaarusi alikuwa hayupo.

"Usiwashe moto leo. Wote mle kwa Sadia. Karatasi itatoka nyeupe kama maziwa."

Hebu fikiria jinsi ushauri ule ulivyokuwa mtamu. Hakuna ambaye angejua. Muna mwenyewe alikaa akaupima, kwa kuwa kwa kosa moja la heshima alikuwa amekaribia kumnyima mtoto pumzi, na hapa alipewa njia ya kulifuta kosa hilo bila jasho. Lakini alimtazama Issack, aliyekuwa anakaribia kumeza kokoto, akaitoa kokoto kinywani kwa kidole.

"Nikificha moto, karatasi itakuwa nyeupe hata jiko likiwa baya, na watamjengea Sadia jiko baya," alisema. "Huyu havuti karatasi. Nitapika."

Akapika. Alipika uji asubuhi, ugali na mboga mchana, akachemsha chai mara mbili zaidi ya kawaida kwa sababu wanawake waliomsaidia walikuwa bado wanakuja kuitazama nyumba. Vibuyu alifukizia nyuma ya zizi. Ubani aliutazama pale ulipo, akaufunika. Ilimgharimu. Kila alipopita chini ya kisanduku alihisi kama amempita mgeni bila kumsalimu, na mara moja, akidhani hakuna anayemsikia, alikiomba radhi.

Alhamisi Mwanaarusi alishuka kwenye gari kabla halijasimama sawasawa. Aliingia, akafungua kisanduku, akatoka nacho kwenye mwanga. Wanawake walimzunguka. Karatasi ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, tena chai ya mtu bahili wa majani. Aliiweka kando ya ile ya kwanza kabisa, nyeusi tititi, akaitoa kalamu.

"Jina la mwenye nyumba?" aliuliza, ingawa alilijua.

"Muna Roba," walijibu wanawake kumi kwa pamoja. Boru alirekebisha kofia.

Mwanaarusi akanywa maziwa siku hiyo, vikombe viwili, ya kibuyu kilichofukiziwa nje. Alisema hakuona tofauti. Muna alisema tofauti ipo, ila amemsamehe.

Serikali haina haraka. Ilipita miezi, watu wakaanza kutania kwamba saruji inatembea kwa miguu kutoka Nairobi. Lakini ilifika, na mabomba, na fundi yule yule, na safari hii fundi alikuja na maagizo ya ofisi kwamba dirisha litatobolewa mahali mama mwenye nyumba atakapoonyesha. Alianza kwa Sadia, na Sadia alionyesha.

Siku ya nne baada ya jiko kukauka, Muna alitoka Garsen na vibuyu vitupu, akapitia kwa binti yake kama saa sita. Moshi mwembamba ulikuwa unapanda juu ya nyumba na kwenda zake kusini. Alipokaribia mlango alisimama. Hakusikia kukohoa. Hakusikia kitu chochote, na mtu aliyezika watoto wawili hapendi ukimya wa mtoto. Aliangusha vibuyu, akaingia mbio, karibu amkanyage Sadia aliyekuwa anakoroga sufuria.

Issack alikuwa amelala chali kwenye mkeka, mikono imetupwa juu, tumbo linapanda na kushuka, kinywa kimefungwa. Moto ulikuwa unawaka vizuri.

Muna alikaa chini. Machozi yalikuja mengi, kwa ajili ya huyu aliyelala na kwa ajili ya wale wawili ambao hakuna aliyewahi kuwajengea bomba. Hakuyafuta.

"Ayyo, kuna nini?" Sadia alishtuka.

"Moshi," alisema Muna.

Sadia aligeuka kutazama jiko, kisha paa, kisha dirisha. Nyumba ilikuwa nyeupe kwa mwanga, na mama yake alikuwa amemshika mtoto mguu, hamwachii.